Kalisti Kushoto, Anuari Kulia

Mwanza, 4 Februari 2024

Mdogo wangu Specioza,

Salamu sana, na umfikishie mama shikamoo yangu. Mimi mzima, ila nimechoshwa na ofisi za watu mpaka nikiona meza yenye mafaili natamani kugeuka nirudi.

Ofisi ya kumbukumbu za jeshi nimeshaenda mara tatu kuulizia habari za baba. Mara ya kwanza waliniambia nilete namba ya jeshi ya baba. Sina. Mara ya pili wakasema basi nilete jina la boti aliyofanyia kazi. Sina. Juzi nimefika kabla hawajafungua mlango, karani yule yule akaniambia, "Tutajie basi hata watu wawili waliotumikia naye." Nikamjibu kwamba baba yangu amefariki, na enzi za uhai wake hakuwa mtu wa kuongea. Akafunga daftari. "Kama mwenyewe hakuongea," akasema, "sisi tutaongea nini?"

Unajua kwa nini siachi. Kila nikikaa naisikia sauti ya baba mdogo Masunga pale msibani. Nimesimama mbele ya jeneza nasoma wasifu wa baba, nimefika pale palipoandikwa kwamba mwaka 1979, wakati wa vita vya Kagera, marehemu Sylvanus Nyanda alikuwa askari wa majini huku Ziwa Victoria, yeye akanyanyuka mbele ya padri na watu wote. "Futa hilo. Kaka yangu alikuwa hajui hata kuogelea. Wakati huo alikuwa kwa mwanamke Geita, sisi nyumbani tunamlilia." Watu wakacheka, Specioza. Kwenye msiba wa baba yetu watu walicheka.

Tangu siku hiyo mama haendi sala za jumuiya. Na amesema kaburi likijengewa mwezi wa sita, kwenye kumbukumbu ya mwaka mmoja, iandikwe kweli tupu. Kama kweli hatuijui, ibaki saruji na jina basi. Mimi sitaki baba alale chini ya saruji isiyo na neno kwa sababu ya mdomo wa mdogo wake. Aliniambia mwenyewe, mara moja tu, tukipalilia mpunga: "Mimi vita nilikuwa majini." Halafu akaomba maji ya kunywa. Sikumwuliza zaidi. Nilikuwa na miaka kumi na sita, nawaza mpira.

Sasa fungua sanduku lake la bati. Tafuta karatasi, picha, kitambulisho, hata kifungo cha sare. Na ujibu haraka. Najua simu huko haishiki mpaka mtu apande kilima cha shule, na najua mama anasema maneno ya simu hayana pa kurudia, yeye anataka karatasi asomewe mara mbili. Haya, barua zipitie dukani kwa Anuari pale Mpanda kama kawaida.

Kaka yako,
Leonidas


Sibwesa, 20 Februari 2024

Kaka Leonidas,

Barua yako imelala dukani kwa Anuari siku tisa. Anasema magari hayapiti kwa ajili ya tope. Mimi najua ni kinyongo. Unakumbuka mwaka ule alipokuja huku kununua mpunga, akamkuta baba shambani anapaza sauti, "Anuari, geuka, mvivu wewe"? Mtu wa watu akadhani anatukanwa, kumbe anaitwa ng'ombe. Baba alimpa gunia zima la mpunga kumwomba radhi, lakini kubadilisha jina la ng'ombe akakataa katakata. Mpaka leo barua zetu anazipokea kwa vidole viwili.

Sanduku nimefungua. Kuna suruali ya harusi, risiti za tumbaku, redio isiyo na betri na rozari mbili. Karatasi ya jeshi hakuna. Kifungo hakuna. Umeridhika?

Unaniandikia "jibu haraka" kama vile nimekaa napaka kucha rangi. Mvua imechelewa, sasa imekuja yote kwa pamoja, na nalima mwenyewe na maksai wale wale wawili, Kalisti kushoto, Anuari kulia. Kalisti amezeeka. Akifika katikati ya jaruba anasimama kama mtu aliyesahau kitu nyumbani, nami namsubiri mpaka akumbuke. Wewe uko mjini unapigana na makarani, mimi napigana na mkia wa ng'ombe.

Na nikuulize kitu, maana hapa mama hasikii. Askari wa majini gani anaogopa maji? Tulipokwenda Karema kwenye harusi, watu wote walishuka ziwani, baba akakaa nyuma ya nyumba siku mbili amelipa ziwa mgongo. Mto ukijaa alikuwa anaahirisha safari. Sisemi alikuwa mwongo. Nasema baba mdogo ana watu wanaomsikiliza, na mimi kisimani sina cha kuwajibu.

Mama anasema ule vizuri.

Mdogo wako,
Specioza


Mwanza, 11 Machi 2024

Specioza, karatasi hii ya kwanza msomee mama:

Mama, shikamoo. Nakula vizuri. Kazi ya baba inakwenda, kuna wazee wa jeshi wamenipokea na wananisaidia. Usiwe na wasiwasi. Mwanao, Leonidas.

Karatasi hii ya pili ni yako. Isome ukiwa peke yako, kisha uichome.

Hakuna mzee aliyenipokea. Nilikwenda kwenye kikao chao cha askari wastaafu, nikakaa kwenye benchi tangu asubuhi mpaka saa saba kusubiri nafasi ya kusema. Nikataja jina, Sylvanus Nyanda. Wakatazamana. Kuna mmoja anaitwa Mzee Hamis, alikuwa sajini, akaniuliza: alikuwa nahodha, fundi au mpishi? Sijui. Mkuu wake nani? Sijui. Alikuwa na kina nani? Sijui. Akasema, "Mwanangu, wewe unamtafuta baba yako, au unatafuta mtu wa kukupa baba?" Wenzake wakacheka kidogo kidogo, kwa huruma. Afadhali wangenitukana.

Ofisini nako wameangalia orodha ya waliostaafu, hayumo. Walioacha kazi, hayumo. Waliofukuzwa, hayumo.

Nimeanza kumwamini baba mdogo. Haya, nimeliandika, na roho inaniuma kuliona kwenye karatasi. Labda kweli alikuwa Geita. Labda ile sentensi ya shambani ilikuwa ya mzee anayetaka mwanawe amheshimu. Mwambieni fundi aandike jina na miaka. Mimi nimeshindwa.

Leonidas


Sibwesa, 2 Aprili 2024

Kaka,

Ile karatasi ya pili mama anaijua. Amesomewa.

Mimi nilikuwa mashineni nakoboa mpunga. Barua ikaletwa na mtu wa mnadani, mama akamwita katekista amsomee. Katekista naye akasoma ya kwanza kwa ile sauti yake ya kanisani, akageuza, akasoma ya pili yote, mpaka pale pa "kisha uichome." Mama akamwambia, "Rudia." Akarudia. Sasa hapo mimi nikuambie nini? Kama kitu ni cha kuchomwa, kwa nini ukitie kwenye bahasha moja na cha kusomewa mama?

Siku ya tatu tunapepeta, akasema nilete kalamu, niandike kama anavyosema na nisiongeze changu. Haya:

"Mwambie Leonidas, mimi nililala na baba yake miaka arobaini na miwili. Mwanaume mwenye mwanamke mwingine hutaja jina la mwanamke akiwa usingizini. Baba yake alikuwa anataja ng'ombe. 'Kalisti, Anuari, shikeni. Shikeni.' Mpaka jasho linamtoka. Nilidhani analima.

"Mwambie ng'ombe hao wamekufa wangapi, na kila akifundishwa mpya alipewa jina la aliyekufa. Mwaka mmoja nilimwita ndama Simba, baba yake akanikaripia, mara ya kwanza na ya mwisho. Na Kalisti akifa, au Anuari, nyama yake alikuwa hali. Alikuwa anakula ugali na chumvi.

"Mwambie hata yeye alipozaliwa bibi yake alitaka aitwe jina la babu. Baba yake akasema ataitwa Leonidas. Bibi akauliza, la nani hilo kwenye ukoo wetu? Hakujibu. Bibi hakuja kumwona mtoto mwezi mzima. Mume wangu alikuwa na mambo yake, lakini mwongo hakuwa."

Ndivyo alivyosema. Sijui majina ya ng'ombe yatamsaidia nani kwenye ofisi zenu. Mama anamtetea mtu wake kwa alichonacho, na alichonacho ndicho hicho. Ungekuwepo ukamwona na ungo wake mapajani usingeandika tena upuuzi wa kuchoma karatasi.

Specioza


Mwanza, 29 Aprili 2024

Specioza, hii msomee mama yote. Karatasi ya pili hakuna.

Mama, shikamoo, na nisamehe.

Barua yenu ilinikasirisha kwanza. Nikasema, kumbe hata jina langu si la ukoo, limetoka zizini. Nimetembea na hasira hiyo siku nne. Siku ya tano niko juu ya dari la mtu navuta nyaya za umeme, likanijia lile neno: shikeni. Nani humwambia ng'ombe ashike? Ng'ombe huambiwa nenda, simama, geuka. Ng'ombe ashike nini, na kwa mkono upi? Nikashuka, nikamwacha mwenye nyumba na giza lake, nikaenda ofisini vile vile na vumbi la dari kichwani.

Nikamwambia karani, nina majina. Kalisti, Anuari, Leonidas. Akauliza nimeyapata wapi. Nikasema zizini. Alitaka kunifukuza, lakini kuna mama mmoja mtu mzima pale, anaitwa Nasma, ndiye anayeshika mafaili ya zamani, akaniambia kaa. Akaenda kuleta orodha nyingine kabisa. Si ya waliostaafu. Ya waliopotea ziwani.

Boti ndogo ya kubeba mafuta, mwezi wa tatu 1979. Wamekufa maji watatu: Anuari, Leonidas, na Sylvanus Nyanda.

Baba yumo, mama. Ila yumo kwa wafu.

Sasa nisikilizeni hasira yangu. Nikaomba wanipe barua yenye jina hilo na mhuri. Karani akasema, "Sylvanus wetu alikufa mwaka 1979. Wewe umezaliwa 1983. Huyo si baba yako." Nikatoa cheti cha kifo cha mwaka jana. Akasema kifo hiki siyo kile, mtu hafi mara mbili, nilete barua ya wilaya inayoeleza. Wilaya gani itaniandikia kwamba mtu alikufa, akarudi, akaoa, akalima mpunga, akafa tena? Miezi mitatu wamenisumbua nilete majina. Nimeleta majina, sasa wanataka baba yangu achague kifo kimoja.

Kalisti kwenye orodha hayumo. Mzee Hamis amesema ataulizia. Safari hii hakucheka.

Leonidas


Sibwesa, 19 Mei 2024

Kaka,

Barua tumeisoma mara nne. Mama aliichukua akaenda nayo jumuiya Jumatano, akaishika mkononi muda wote wa sala, hakuna aliyethubutu kumwuliza. Amerudi anatembea vizuri.

Baba mdogo hajakubali. Anasema kina Nyanda wamejaa Usukumani kote, na karatasi haina uso. "Alete mtu," anasema, "mtu aliyemwona kaka yangu majini kwa macho yake." Nikamjibu vibaya, nikidhani ni ukaidi tu. Ndipo akaniambia jambo ambalo hajawahi kusema. Mwaka ule yeye alikuwa mtoto wa miaka kumi na miwili. Babu alimchukua wakazunguka bandari zote kumwulizia kaka yake, wakalala vibarazani, wakarudi bila jibu, na bibi akalia mpaka macho yakaharibika. Halafu siku moja kaka mtu akatokea, mzima, akaomba chakula, akakataa kusema alikokuwa. "Mngekuwa nyie mngefikiri nini?" akaniuliza.

Na mimi nikuambie kweli, nina hasira na baba. Neno moja tu lingetosha. Alituacha tukimtafuta kwa makarani wakati alikuwa nasi mezani kila siku.

Kumbukumbu ni Jumamosi tarehe 29 mwezi wa sita. Baba mdogo amesema shughuli ya chakula ni yake, amenunua dume huko Kakese. Usikose.

Specioza


Mwanza, 26 Juni 2024

Specioza,

Anayekukabidhi barua hii ndiye Kalisti. Msalimie vizuri kabla hujaendelea kusoma.

Mzee Hamis ndiye aliyemfuatilia. Yupo Ukerewe, fundi cherehani, anashona sare za shule. Nilimkuta anapiga pindo, nikamwambia mimi ni mtoto wa Sylvanus Nyanda. Akasema, "Sylvanus hakuacha mtoto." Nikamwambia ameacha wawili na mke na jaruba saba za mpunga. Mguu wake ukasimama kwenye cherehani.

Boti ilikuwa na watu wanne. Leonidas nahodha, Anuari fundi wa injini, mtu wa Pangani huyo, Kalisti na baba. Baba alikuwa mbeba mizigo bandarini, wakamchukua kwa sababu ya nguvu zake za kuviringisha mapipa. Kuogelea alikuwa hajui, na walikuwa wakimtania kila siku. Majaketi ya kuelea yalikuwa matatu kwa watu wanne. Upepo ulipoigeuza boti, Leonidas alivua lake akamvalisha baba, akafunga kamba mwenyewe. Kalisti na Anuari walikuwa wanang'ang'ania pipa, na baba anapiga kelele washike, washike. Wimbi likawatenganisha. Kalisti alizinduka kwenye kisiwa, akaambiwa wenzake wote wamekwisha. Akaenda kutoa taarifa. "Mimi ndiye niliyemwandikisha baba yako kufa," ameniambia hivyo, Specioza, ameshika utepe wake wa kupimia.

Baba lazima ziwa lilimtupa kwingine, naye akaamini wote wamekufa. Hakurudi kikosini. Nikamwuliza mzee kwa nini. Akasema, "Angerudi angeulizwa, hilo jaketi ni la nani?"

Na mimi jina hilo nimelilalamikia miaka arobaini.

Nilimweleza habari ya ng'ombe. Akauliza, "Wamekuwa Kalisti wangapi?" Nikahesabu, huyu wa sasa ni wa sita. "Anafanya kazi?" Nikasema amezeeka, anasimama katikati ya jaruba. Akasema, "Hata mimi." Ana ombi moja tu, amwone ng'ombe huyo. Mpelekeni zizini kabla ya chakula.

Mimi siji, na usinilaumu. Ofisi imeniita Ijumaa tarehe 28 saa mbili asubuhi. Miezi mitano nawaomba, wamechagua siku hiyo. Nisipotokea faili linafungwa.

Nimempigia simu Anuari wa duka awaambie anakuja mgeni mkubwa, rafiki wa baba wa jeshini. Nimemwomba asitaje jina. Nataka mama alisikie kutoka kinywani mwa mwenyewe.

Kaka yako,
Leonidas


Sibwesa, 3 Julai 2024

Kaka Leonidas,

Wewe na siri zako mtatuua. Ungesema jina. Neno moja tu kwenye simu. Umefanya kama baba.

Ujumbe wa Anuari ulifika Alhamisi: mgeni mkubwa, rafiki wa marehemu wa jeshini. Baba mdogo akasema dume la Kakese litauzwa tena, mgeni wa kaka yake hawezi kulishwa ng'ombe wa mnadani, atakula kutoka zizi la kaka yake mwenyewe. Nilijua ni namna yake ya kuomba radhi, nikafurahi. Ijumaa akamtoa Kalisti, kwa kuwa meno yameisha. Na mimi kamba niliishika, kaka. Sikukataa.

Jumamosi saa nne mgeni akafika na gari la Anuari, na Anuari mwenyewe ndiye dereva. Baba mdogo kavaa koti, kampokea mkoba. "Karibu sana mzee wetu. Tukuite nani?" Mgeni akavua kofia. "Naitwa Kalisti."

Mama alikaa chini pale pale, na gauni lake la kanisani.

Alisema yote kaburini, kama ulivyoandika, bila kupunguza hata lile la kutorudi kikosini. Alipofika pale pa kwamba Sylvanus alikuwa hajui kuogelea, baba mdogo aliinua uso. Alipofika pale pa jaketi, akaondoka akasimama nyuma ya watu. Ndipo mzee akafuta miwani yake akasema, "Sasa nipelekeni nikamwone mwenzangu."

Hakuna aliyetembea. Zizini alikuwa amebaki Anuari peke yake, na harufu ya pilau imetanda uwanja mzima. Mimi nilitamani ardhi inifunike. Baba mdogo ndiye aliyekuja mbele, kofia mkononi, akasema, "Mzee wangu, nimekuchinja jana. Nilikuchinja kwa kukuheshimu."

Mzee alitazama masufuria. "Ziwa lilishindwa," akasema, "na vita vikashindwa. Nyie mmeniweza kwa kisu kimoja." Akacheka mpaka akashika nguzo ya zizi, tukacheka na sisi, halafu tukaona kwamba yeye alikuwa ameshaacha kucheka. Mama hakula nyama. Mzee alikula. Alisema chakula cha Sylvanus hajawahi kukikataa.

Anuari wa duka aliomba nafasi, akamsomea dua yule Anuari wa Pangani, mtu ambaye hakumjua. Kisha akaingia zizini na kanzu yake nyeupe akamkuna ng'ombe kipaji cha uso. Amesema jina libaki. Barua hii nimempa mkononi, ameahidi haitalala dukani.

Fundi alituuliza aandike mwaka gani wa kufa, maana watu walishaanza kubishana. Mama akasema, "Andika wa mwaka jana. Kile kifo cha kwanza si msiba wangu." Chini ya jina imeandikwa: Askari wa majini, Ziwa Victoria, 1979. Hiyo barua ya ofisi yako hata ikija, itakuta saruji imeshakauka. Na kama Ijumaa walikwambia urudi tena, usirudi. Njoo nyumbani.

Jioni ile baba mdogo alikwenda kwake, akarudi anavuta dume changa, jeusi lenye baka begani, bora kuliko yote aliyonayo. Akampa mama kamba. "Huyu ndiye Kalisti," akasema. Mzee akakataa. Akasema majina haya yaliwekwa kwa ajili ya waliopotea, na yeye ameshapatikana. "Aliyepotea sasa ni mwenye nyumba. Mwiteni Sylvanus." Mama akasema sawa, lakini nisimpige.

Tumeanza kumfundisha nira juzi, upande wa kushoto, pamoja na Anuari. Baba mdogo anakuja kila asubuhi bila kuitwa. Siku ya kwanza dume lilimponyoka likakimbilia mbugani, naye akalifuata mpaka kwenye kichuguu. Akafungua mdomo aliite, akashindwa. Nikamwona amesimama tu, mikono chini. Baadaye akaita, na sauti haikuwa ya kuita ng'ombe: "Sylvanus, rudi nyumbani."

Likageuka, likaja polepole, akalifunga kamba.

Mama anasema ule vizuri.

Mdogo wako,
Specioza